Mwavi wa Jukwaani

Hapo zamani, wakati kiingilio cha mchezo kilikuwa kikombe cha karanga na asiye na karanga alichungulia juu ya ua, palikuwa na mji wa bara ulioitwa Isikambuli, mji wa kituo cha reli, wenye vumbi jekundu na watu wapenda vicheko. Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami, na mwishoni nitawauliza swali. Asije mtu akaniambia eti alikuwa hasikii.

Katika mji huo palikuwa na kikundi cha maigizo. Kiongozi wake aliitwa Kapaya, Mnyamwezi wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Yeye ndiye aliyecheza watemi wote. Mkewe aliitwa Nyamizi. Hadithi hii ni ya Nyamizi, kwa hiyo mshikeni vizuri. Akisimama jukwaani akaimba, wanaume walisahau kutafuna. Yeye ndiye aliyecheza wake wa watemi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Kalunde, dada yake Kapaya, lakini kaka alipooa, Kalunde akapewa kazi ya kukoroga togwa na kuvuta pazia. Na wa nne alikuwa Pazi.

Pazi alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani aliyeletwa bara na treni akasahau kurudi. Alipiga ngoma na kuchekesha. Na ninyi mnajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo pamoja na kuzikana njiani. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akiingia jikoni kwako akabeba chungu, hukasiriki; unakikomboa kwa kuku, yanaisha. Akikunyang'anya ulichokishika mkononi, unamwachia. Hata msibani mtani hujilaza kitandani pa marehemu akadai apewe kitu ndipo ainuke, na wafiwa hucheka huku wanalia. Anayemkasirikia mtani huonekana hakulelewa.

Siku ya harusi ya Nyamizi, Pazi aliingia na ngoma yake mbele ya wazee akapiga kelele, "Jamani, mnamwozesha nani? Huyu ni mke wangu! Huyu mpagazi nimemwazima tu, anibebee mzigo hadi nyumbani!" Watu wakacheka. Kapaya alicheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. "Mke wangu, umepika nini leo?" Watu wakacheka. "Mke wangu, huyu mpagazi anakulisha kweli?" Watu wakacheka. Nyamizi naye alijua kujibu: "Mume gani wewe, hata kitanda huna, unalalia ngoma!" Hapo watu walijishika mbavu.

Basi msimu mmoja Pazi alimnyakua Kapaya kilemba chake cha utemi, kile cha manyoya, akapita nacho sokoni amepanda punda, anasalimia watu kwa mkono wa kushoto kama mfalme. Kapaya alikikomboa kwa mbuzi mzima. Alicheka, ndiyo, lakini alicheka kwa meno tu. Akasimama mbele ya kikundi chote akaapa, "Kuanzia leo, mtani hatatoa kitu nyumbani kwangu tena. Akitoa, mimi si mtoto wa baba yangu!"

Wanaume na viapo vyao! Kiapo kinatolewa na mume, na mzigo wa kukilinda unabebwa na mke.

Haukupita muda, Kapaya akapanda treni kwenda kutafuta miji ya kuchezea. Nyamizi alikuwa uani anaanika mtama, maharage yanachemka jikoni. Pazi akaingia kwa mlango wa mbele kimya, akaepua chungu, akakisitiri ndani ya shati, akatokea mlango wa nyuma mbio, anarukaruka kwa moto unaomchoma tumboni. Pale pale mlangoni akakutana na nani? Kalunde. Kalunde akacheka hadi akakaa chini. Wakakaa wote wawili nyuma ya ghala la pamba, wakala maharage ya Nyamizi hadi Kalunde akalamba vidole.

Jioni Pazi akarudi. "Mke wangu, chungu chako kiko kwangu, kinalia njaa. Kikomboe."

Nyamizi hakucheka safari hii. Alikumbuka kiapo. Akasema, "Pazi, mtani wangu, nakupa mtetea wangu mweusi, yule mnene. Lakini nakuomba, jambo hili life hapa hapa. Kapaya ameapa mbele za watu. Akijua, ataona aibu, nami sitaki aone aibu."

Pazi akamtazama kidogo. Akachukua mtetea, akarudisha chungu. Na mtu huyo ambaye hajawahi kunyamazia kitu maishani mwake, alinyamaza.

Kapaya akarudi. Akala, akanywa maji, akatupa macho uani. "Yule mtetea mweusi yuko wapi?"

"Mwewe," akasema Nyamizi.

Neno moja tu. Dogo kama punje ya ufuta. Alilisema kwa mapenzi, kumlinda mumewe na fedheha. Akadhani yamekwisha.

Sasa nitawaambia ambalo Nyamizi hakulisikia. Kesho yake Kapaya alimwambia dada yake, kwa maneno ya kupitisha muda tu, "Mwewe kanibebea mtetea." Kalunde alikuwa anakoroga togwa. Alikuwa amekoroga togwa tangu kaka yake aoe, huku mwingine akivaa shanga zake na kupigiwa makofi yake. Mkono ukasimama ndani ya chungu. Akasema, "Mwewe, kaka? Mwewe huyo ana miguu miwili na anapiga ngoma. Nilimwona kwa macho yangu akitoka mlango wako wa nyuma, anakimbia, amelikumbatia shati lake. Na wewe hukuwepo."

Kila neno lilikuwa kweli! Haya, nionyesheni la uongo. Hamtalipata. Alichokiacha nyuma ni chungu tu.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Pazi akisema, "Mke wangu, mbona leo hukuniamkia?" watu wakacheka. Kapaya hakucheka. Nyamizi akaona. Usiku na mchana Nyamizi akawa anaona: mumewe anakula kidogo, anajibu kwa kuguna, anamtazama anapofagia. Siku moja Kapaya akamuuliza, "Mwewe yule alikuwa wa rangi gani?" Nyamizi akadhani ni mzaha, akajibu, "Wa kahawia." Uongo mdogo ukishapata pa kulala, unazaa. Alitaka kusema ukweli palepale, ulimi ukakataa, maana sasa angekiri uongo wa mara mbili badala ya mmoja.

Na Kapaya kwa nini hakuuliza waziwazi? Ampeleke wapi mtani? Baraza gani litamsikiliza mtu aliyekasirishwa na utani? Wangemcheka hadi vitukuu vyake. Kwa hiyo akanyamaza, na wivu ukinyamaziwa huwa hauna pa kutokea.

Ikafika siku ya mchezo mkubwa wa baada ya mavuno. Mchana kweupe! Ukumbi wa mabati umejaa, watu wamekalia magunia, wengine wako madirishani, karanga zinapasuka kama mvua ya kwanza. Mchezo ulikuwa ule wanaoupenda kuliko yote: mtemi anarudi safari, anamtilia shaka mkewe, anamnywesha mwavi. Watoto wa siku hizi mwavi hamuujui. Ilikuwa dawa ya kiapo. Mshitakiwa hunyweshwa mbele ya watu: akiwa hana hatia anaitapika na kupona, akiwa nayo inamuua. Ndivyo wazee walivyoamini. Jukwaani, bila shaka, kibuyuni huwamo togwa, na Nyamizi huinywa kwa raha, maana togwa ya Kalunde ilikuwa tamu.

Nyamizi alikuwa nyuma ya pazia anafunga shanga za utemi kichwani. Kalunde akaingia mbio, uso umekauka kama ngozi ya ngoma.

"Wifi, usinywe!"

"Nisinywe nini?"

"Kibuyu leo sikukijaza mimi. Nimekikuta kimejaa, nimekinusa, kinanuka uchungu. Nimemuuliza kaka. Anasema leo utakunywa wa kweli. Ameuleta kutoka kwa mganga, mbali huko. Anasema ukiwa safi utatapika, na yeye atakuomba radhi mbele ya mji mzima."

Nyamizi akaziachia shanga. "Safi kwa lipi, wifi? Nimefanya nini?"

Hapo Kalunde akaanguka chini akalia. Akasema yote: shati, mlango wa nyuma, chungu alichokiacha, maharage aliyoyala. "Nilitaka akuchukie kidogo tu, wifi yangu. Kidogo tu, anirudishie shanga zangu."

"Na hilo la chungu, umemwambia?"

"Nimeshindwa! Nimefungua mdomo, nikashindwa."

Nyamizi alimtazama aliyepo miguuni pake. Hasira ilimpanda hadi masikioni, kisha ikapita, akabaki na jambo moja kichwani: Kapaya? Kapaya wangu, aliyenibeba mgongoni hadi kituoni nilipougua homa? Kapaya hawezi. Ataniona machoni, atakirudisha kibuyu. Ngoma zikalia. Akainuka, akaingia jukwaani.

Kapaya alikuwa amekaa kwenye kigoda, kilemba cha manyoya kichwani. "Mke wangu," akanguruma, "nilipokuwa safarini, nani aliingia nyumbani kwangu?"

Maneno ya mchezo yalikuwa, "Hakuingia mtu, mtemi, ila upepo." Nyamizi hakuyasema. Akaacha mchezo, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mtemi, mtetea hakubebwa na mwewe. Mtani alichukua chungu cha maharage, nami nikakikomboa kwa mtetea, ili kiapo chako kisivunjike na watu wasikucheke."

Watu wakacheka! Maharage! Mtemi na maharage! Wakapiga magunia kwa furaha. Lakini Kapaya alisikia jambo moja tu. Uso wake ukaingia giza. "Kumbe ulinidanganya," akasema, na hilo nalo halikuwa neno la mchezo. "Umenidanganya mara mbili. Sasa la tatu nitalijuaje?" Akachukua kibuyu, akampa.

Nyamizi akakipokea. Harufu ikampanda puani, kali kama magome. Hakumwondolea mumewe macho. Alikuwa anamwamini bado, mnanisikia? Alikuwa anangoja mkono ule uje uchukue kibuyu. Akakiinua polepole. Akakiinua tena.

Pazi alikuwa pembeni na ngoma yake, na alikuwa amesikia kila neno la Kalunde nyuma ya pazia. Akaruka katikati akapiga kelele, "Jamani, sumu! Humo mna sumu ya kweli!"

Watu wakacheka.

"Wallahi nawaambia, mwavi huo!"

Watu wakacheka hadi wakatoa machozi. Huyu Pazi leo kapania! Angesema nini mchekeshaji wakamwamini? Midomo ya Nyamizi ikagusa kibuyu. Na wakati huohuo mkono wa Kapaya ulinyanyuka kutoka magotini, ukaenda mbele. Ukumbi mzima uliuona. Ulikuwa unakwenda kukichukua, au ulikuwa unakwenda kukisukuma? Hakuna aliyejua, maana Pazi alifika kwanza. "Mtani hanyimwi!" akasema, akakipokonya kibuyu, akanywa mafunda mawili makubwa, akaanguka chali.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Pazi alijikunja, wakacheka. Povu likamtoka, wakacheka. Nyamizi akapiga magoti, akamshika kichwa, akalia, "Jamani anakufa! Nisaidieni!" na watu wakamshangilia kwamba leo amelia vizuri kuliko siku zote. Mimi sijapata kusikia kilio kilichokuwa na upweke kama hicho, katikati ya mamia ya watu.

Mbele kabisa alikaa Bi Kabula, bibi mmoja mkali, mnusa ugoro, aliyepata kuona mwavi wa kweli alipokuwa msichana. Pua yake ikakunjamana. Akasimama, akamtupia Kapaya kopo lake la ugoro, likampata kifuani. "Nyamazeni, mbwa ninyi!" akapiga kelele. "Hii harufu naijua! Huu ni mwavi!"

Kimya kikaanguka. Hata karanga zilinyamaza. Nyamizi alikuwa amemgeuza Pazi ubavu, anampiga mgongoni, anamsemesha, "Tapika, Pazi, tapika, mla nazi wewe, usinifie." Alimpiga, akampiga tena. Na Pazi akatapika. Akatapika yote, hadi nyongo, kisha akafumbua jicho moja akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mke wangu, togwa ya leo imechacha."

Vifijo! Vigelegele! Wanawake walirusha khanga, wanaume wakakumbatiana, mtu mmoja akaanguka kutoka dirishani. Lakini Bi Kabula alikuwa bado amesimama, na aliinua mkono mpaka wakatulia.

"Msishangilie kwanza," akasema. "Mwavi umenyweka mbele ya watu. Mwavi una sheria yake, na jukwaa halifuti sheria. Aliyeshitakiwa akanywa akautapika, amesafishika, naye ana neno moja. Neno moja tu, na halikataliwi. Akisema mtu ahame mji, anahama. Akisema ndoa ivunjike, inavunjika. Akisema yasamehewe, yanasamehewa, na mtu asiyakumbushe tena. Sasa semeni: neno hili ni la nani?"

Ukumbi ukageukia Pazi. Ni wazi, si ndiyo? Pazi akajiinua kwa kiwiko. "Neno ni langu," akasema. "Sumu imepita kwenye koo langu, haikupita kwenye koo la mtu mwingine. Nilipiga kelele mkacheka. Sikubakiwa na lugha nyingine ya kuwaambia ila tumbo langu." Akafuta povu mdomoni. "Na neno langu nitawaambia. Nataka ndoa hii ivunjike, na Nyamizi awe huru. Akishakuwa huru, nitamposa kama mtu yeyote anavyoposa, na akinikataa nitapanda treni. Tangu siku ya harusi nimesema 'mke wangu', nanyi mkacheka. Mimi sikuwa natania."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Pazi ashuke kwenye treni, alisema kitu na hakuna aliyecheka. Nyamizi akaanza kuhesabu. Miaka yote ile! Na yeye amekuwa akijibu, na kucheka, na kumwambia analalia ngoma. Hakujua amwonee huruma au amchape kofi.

"Mmesikia?" Kapaya akaruka. "Mmesikia wenyewe? Mnaniita mwenye wivu, lakini moto ulikuwepo!"

"Nimeingia chumbani mwako?" akauliza Pazi. "Nimemgusa? Nilichokiweka moyoni nilikifungia kwenye utani miaka yote, kisitoke. Wewe ulichokiweka moyoni ulikimimina kibuyuni."

Kalunde akajitokeza, shela limeanguka mabegani, akakiri mbele ya wote aliyoyakiri nyuma ya pazia, na kwamba kaka yake alishindwa kumwambia habari za chungu. "Neno ni langu," akasema, na watu wakaguna kwa chuki, lakini hakurudi nyuma. "Zomeeni. Nilisema nusu ya ukweli na nusu hiyo ingeua. Lakini nani aliyenusa kibuyu? Nani aliyekimbia kusema? Nisingesema, Pazi angesikia wapi? Wifi angejua wapi? Mngekuwa sasa hivi mnamcheka maiti. Uhai wote uliomo humu umepita mdomoni mwangu. Nami nikipewa neno, naomba yasamehewe. Kaka na wifi warudi nyumbani kwao, na mimi nitauhama mji huu, mtu asinione tena."

"Ulikimbia kwa wifi yako," akasema Bi Kabula. "Mbona hukumwambia kaka yako kuhusu chungu? Alikuwa hatua chache tu."

Kalunde akainamisha kichwa.

Kapaya akavua kilemba cha utemi akakiweka chini. "Mimi ndiye mshitaki, najua sina neno," akasema. "Lakini mkono wangu mliuona. Nilikuwa nakichukua! Nyamizi, nilikuwa nakichukua, kwa kaburi la mama yangu. Na kabla ya hapo niliamini mwavi hauui asiye na hatia. Nilitaka mji mzima ukuone safi, ili moyo wangu uninyamazie. Kibuyu hakijaisha. Nipeni kilichobaki ninywe. Nikiutapika, na mimi niwe na neno langu, na neno langu ni mke wangu arudi nyumbani."

Akanyoosha mkono. Lakini Nyamizi alikuwa amekwisha kukiokota sakafuni, kiko mkononi mwake. Akakiweka nyuma ya mgongo.

"Kaa chini, Kapaya," akasema, na Kapaya akakaa.

Nyamizi akasimama katikati ya jukwaa, shanga zimemlegea, machozi na jasho vimechanganyika usoni. Alimtazama mume aliyemwamini mpaka midomo ikagusa kibuyu. Akamtazama mtani aliyenusurika kufa badala yake, akiwa na mapenzi ambayo hakuyaomba. Akamtazama wifi aliyemchimbia kaburi, kisha akaja kumshika mkono pembezoni mwake.

"Neno ni langu," akasema. "Pazi, nakushukuru, na nitakushukuru hadi nife. Lakini wewe ulishitakiwa kwa lipi? Jina lililotiwa kibuyuni lilikuwa langu. Ulichonipokonya ni kifo changu, na pamoja nacho umenipokonya kiapo changu. Wifi, wewe umeniokoa na shimo ulilolichimba. Mimi nilikuwa najua kilichomo, nikakishika, nikakiinua. Nani mwingine humu ndani alikishika akijua kwamba ni cha kwake?"

"Lakini ulidanganya, mwanangu," akasema Bi Kabula kwa upole, na yule bibi hakuwa na kawaida ya upole. "Ungesema 'chungu' pale ulipoulizwa, pasingekuwa na mwavi."

"Nilidanganya," akasema Nyamizi. "Kwa ajili ya kiapo cha mume wangu. Ndiyo, nilidanganya."

"Basi tuambie. Ukipewa neno, utasema nini? Utarudi kwa mumeo? Utamwacha? Utakubali kuposwa? Utasema anywe kilichobaki?"

Ukumbi mzima ukainama mbele.

Nyamizi akatikisa kichwa. "Mnataka kujua kwanza, ili likiwapendeza mnipe, lisipowapendeza mninyime. Hapana. Mume wangu naye alitaka kuhakikisha kwanza ndipo aniamini. Nipeni neno langu, ndipo mtalisikia."

Mji ukagawanyika palepale. Hawa wanapiga kelele "Pazi! Aliyekunywa ndiye!" Wale wanasema "Nyamizi! Mwenye jina ndiye!" Na wako wachache, akina mama waliowahi kukosea, waliosema polepole kwamba bila Kalunde wasingekuwa wanabishana, wangekuwa wanachimba. Waligombana hadi Bi Kabula akachoka, akaokota kopo lake la ugoro, akasema yeye ni mzee, waamue wenye masikio.

Basi wenye masikio ni ninyi. Na msinijibu kwamba wagawane, neno ni moja na halina vipande. Msiniambie pia kwamba nyote mnamhurumia kila mtu. Huruma ninayo hata mimi, nayo haikunisaidia. Ukimpa Pazi, ndoa imekwisha. Ukimpa Kalunde, ndoa imepona, Nyamizi apende asipende. Ukimpa Nyamizi, unampa mtu usiyejua atasema nini, na kibuyu hakijaisha.

Yule pale, amesimama jukwaani, ameficha mkono mmoja nyuma, anawatazama mmoja mmoja. Haya, semeni: je, neno ni la nani?